Kioo Kilichokataa Kupanda



Ndugu msomaji, kisa cha wiki hii kilitokea ndani ya gari langu mwenyewe, na mwenye makosa ni mimi. Nakisimulia kwa sababu mbili: huenda kikakupunguzia gharama, na huenda kikakukinga na neno ambalo likishatoka halirudi.

Gari letu ni la mwaka 2002, nalo liliingia nchini likiwa limekwisha kutumika Japani, kama yalivyo magari mengi tuyaonayo. Usiku mmoja wa mwezi Mei tulikuwa twatoka Kisauni kwenye hitima ya jamaa yetu, vioo tumeviteremsha kwa ajili ya joto. Tulipofika Changamwe mvua ya masika ikatushukia. Nilibonyeza swichi ya mlangoni kwangu ili kioo cha upande wa kushoto kipande, kisipande. Mwanangu wa miaka 14, aliyeketi upande ule, akabonyeza ya kwake, kimya. Hadi twafika Miritini alikuwa ameroa chapachapa, na malori yamemrushia maji ya barabarani. Badala ya kumhurumia, nikamkemea mbele ya mama yake na dada zake: "Ni wewe! Kutwa wapandisha na kuteremsha kioo kama mchezo!" Akanijibu kwa sauti ya chini, "Wallahi, baba, leo nimekigusa mara moja tu." Sikumsikiliza.

Asubuhi nilikwenda kwa fundi mmoja. Hakufungua hata skrubu. Aliinama, akabonyeza swichi, akasema mota imekufa: shilingi 4,500, na ufundi mbali. Nilikuwa tayari kulipa, kwani maneno yake yaliafikiana na hasira yangu. Lakini baada ya sala ya Adhuhuri ndugu mmoja msikitini alinishauri nimwone kijana afanyaye kazi chini ya mwarobaini, hapa hapa kwetu. Huyu aliuliza kabla ya kugusa chombo: "Sheikh, vioo vingine vyafanya kazi? Wasikia mlio wowote ndani ya mlango? Na ulipata kukijaribu mlango ukiwa wazi?"

Maswali yale yana maana. Ndani ya mlango mna mota ndogo ya umeme inayovuta waya wa chuma au kuzungusha meno, na kwa njia hiyo kioo hunyanyuka ndani ya mifereji yake ya mpira. Umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi, kisha kwenye swichi, ndipo ukafika kwenye mota. Kazi ya swichi ni kugeuza mkondo: ukipita hivi kioo hupanda, ukigeuzwa hushuka. Ugonjwa waweza kuwa popote katika njia hiyo, na kila mahali pana dalili zake.

Vioo vyote vikinyamaza kwa pamoja, anza na fyuzi. Kioo kikitii swichi ya dereva na kukataa swichi ya abiria, kwanza tazama kitufe cha kufungia vioo kilicho mlangoni kwa dereva. Kiliwekwa ili watoto wasibanwe shingo au mikono, na mara nyingi huguswa bila kukusudia. Kama kitufe hakikufungwa, shuku swichi ya abiria yenyewe. Mota ikilia na kioo kisisogee, mashine ya kunyanyulia imekatika au imeng'oka. Kioo kikipanda kwa uzito, huenda ni vumbi na ukavu wa mpira tu: safisha mifereji, upulize dawa ya silikoni, wala usipake grisi, kwani hunasa vumbi. Kukiwa kimya kabisa, ndipo mota hupimwa kwa kupewa umeme wa volti 12 moja kwa moja. Ikizunguka, haina hatia.

Kijana yule aliufungua mlango wetu nusu, akabonyeza swichi. Kioo kikatikisika, kikapanda kidogo, kikasimama. Akauvuta mpira wa mikunjo uliopo baina ya mlango na bodi, akanionyesha nyaya mbili zilizokatika, shaba yake imegeuka kijani kwa unyevu wa chumvi yetu ya pwani. Akasema, "Sheikh, hii si kazi ya kidole cha mtu. Kila mlango ukifunguliwa na kufungwa nyaya hizi hukunjwa. Ni kazi ya miaka ishirini na zaidi."

Alitenganisha betri, akaunga nyaya kwa kulehemu, akazifunika vyema, kwani kusokota na kuzungusha utepe hakudumu mahali panapokunjwa kila siku. Akahakikisha nailoni iliyo nyuma ya ubao wa mlango imekaa sawa ili maji yasiingie ndani, akazibua na vitundu vya chini vya kutolea maji, maana vikiziba mlango huliwa na kutu. Akatoza shilingi 800.

Nilirudi nyumbani kichwa chini. Mimi ndiye nisomeshaye watu Suratul Hujurat, nikawaeleza amri ya kuchunguza habari kabla ya kumdhuru mtu kwa kutojua. Fundi wa kwanza alihukumu mota bila kuifungua. Mimi nilimhukumu mwanangu bila kumsikiliza, naye ameniapia. Sikuona tofauti kubwa baina yetu.

Baada ya Isha niliwaita wote waliokuwamo garini usiku ule. Nilimkemea mbele yao, basi haikufaa nimtake radhi faraghani. Nilimwambia, "Mwanangu, ulisema kweli, nami nilikudhulumu. Nisamehe." Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nimekusamehe, baba." Akaomba kesho yake akauone waya ule uliokatika. Tulikwenda pamoja, na yule fundi alikuwa bado hajautupa.

Ndugu zangu, kioo kikikwama, fuata njia ya umeme hatua kwa hatua kabla ya kununua kitu. Na mtoto akikuapia, mpe nafasi ile ile ya kuchunguzwa uliyoipa mota.

Wabillahi tawfiq.