Mwenye Utungu Asiachwe Peke Yake



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake. Ama baad.

Wanatarehe wamepokea kwamba Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.), katika mizunguko yake ya usiku ya kutazama hali za raia, aliliona hema geni nje ya Madina. Mlangoni ameketi bedui, na ndani yasikika sauti ya kuugua. Akaambiwa kuwa ni mke wa bwana yule, ameshikwa na utungu. Akauliza kama yuko mtu pamoja naye. Akajibiwa kuwa hapana. Hapo Sayyidna Umar alirejea nyumbani akamchukua mkewe, Bi Ummu Kulthum binti Ali (r.a.), pamoja na unga na mafuta. Bibi akaingia hemani, na Amirul Muuminina akabaki nje akipuliza moto na kupika, mpaka mtoto akazaliwa.

Tulizingatie swali lile: yuko mtu pamoja naye? Wazee wetu wa pwani walilijua jibu lake. Mwenye utungu hakuachwa. Mama yake, shangazi yake au jirani alikaa naye, mbali na mkunga. Leo wake zetu huenda kuzalia hospitali, na hilo ni jambo la sawa, kwani damu ikimwagika au kifafa cha uzazi kikizuka, penye dawa na wataalamu ndipo penye salama. Lakini wengi wetu tumemwacha yule mwandani nje ya lango. Muuguzi mmoja huwa na wazazi kadhaa mbele yake; hawezi kumshika kila mmoja mkono. Na mwanamke anayeogopa upweke huo huchelewa nyumbani mpaka hatari ikamkuta njiani.

Mwandani huyu nchi nyingi humwita doula, neno la Kiyunani ambalo asili yake ni mtumishi wa kike. Yeye si mkunga. Hampimi mzazi wala hampi dawa. Kazi yake ni kukaa naye tangu utungu kushika mpaka mtoto kuzaliwa: kumkanda mgongo, kumpa maji, kumsaidia kutembea na kugeuka, kumkumbusha kuvuta pumzi na kumtaja Mola wake, na kumwita muuguzi hali inapobadilika.

Faida yake imethibiti. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2017 yalikusanya tafiti 26, zenye wanawake zaidi ya 15,000 katika nchi 17. Yalionyesha kuwa wanaopata msaada usiokatika huelekea zaidi kuzaa kwa njia ya kawaida, hupasuliwa kwa uchache, na utungu wao hupungua urefu kidogo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kila mzazi awe na mwandani aliyemchagua mwenyewe. Nasi tunasoma katika Suratu Maryam kwamba Bibi Maryam alipofikwa na utungu penye shina la mtende, aliliwazwa asihuzunike kabla hajaelekezwa kwenye maji na tende.

Huenda bwana akauliza: mbona nisikae naye mimi? Si haramu mume kuwa na mkewe. Ila vyumba vingi vya kujifungulia vina vitanda vya wanawake wengine, na sitara yao ni haki yao. Hapo mwanamke mwaminifu ndiye afaaye zaidi. Mume naye ana nafasi ya Sayyidna Umar pale motoni: gari liwe tayari usiku, fedha iwepo, chakula kipikwe, na watu wa kutoa damu wajulikane mapema.

Basi, dada yangu, ufikapo mwezi wa saba mchague mwandani wako. Awe mtulivu, mwenye kutunza siri, asiyesimulia habari za kutisha. Mwende kliniki pamoja, na muulize kama hospitali inamruhusu kuingia na kwa masharti gani. Akiwa wa kulipwa, ujira ujulikane kabla. Naye asikupe dawa za miti za kuharakisha utungu, wala asikukandamize tumbo. Ukiona damu, degedege, kichwa kuuma sana na macho kuingia kiza, au mtoto kuacha kucheza, kazi yake ni moja: kukufikisha hospitali papo hapo.

Nanyi mama zetu wa madrasa na vikundi, jitoleeni kwa kazi hii, na waombeni wauguzi wawafunze. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa amwondoleaye muumini dhiki ya dunia, Mwenyezi Mungu atamwondolea dhiki ya Siku ya Kiyama. Na dhiki gani iliyo karibu nasi kuliko ya mzazi aliye kitandani, akitazama mlango?

Mola awajaalie wazazi wetu wote wajifungue salama salimini. Wabillahi tawfiq.