Pikipiki ya Kasuku Ni Mahali pa Kazi

Alfajiri, wamotari wa Kasuku, komini ya mji wa Kindu, huwa wameshajipanga vituoni wakingoja wateja. Hapa Kindu pikipiki ndiyo basi, ndiyo teksi, ndiyo lori. Humpeleka mwanafunzi chuoni, mgonjwa hospitali, mama mchuuzi sokoni pamoja na gunia lake la mchele. Anayekwenda Alunguli, ng'ambo ya mto, hushushwa ukingoni mwa Lualaba, akavuke kwa mtumbwi. Na wengi wa vijana hawa wanaoubeba mji mzima hufanya kazi kichwa wazi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na kwamba helmeti nzuri, ikifungwa sawasawa, hupunguza hatari ya kufa kwa zaidi ya mara sita. Ile inayotundikwa kwenye usukani ili polisi aione haimwokoi mtu.

Lakini si haki kumtwisha motari lawama zote. Pikipiki nyingi si mali yake. Jioni lazima ampelekee mwenye chombo fedha za siku, mvua inyeshe isinyeshe, wateja wapatikane wasipatikane. Deni hilo ndilo humfanya apakie watu wawili nyuma yake, akimbize chombo penye utelezi, aendelee usiku na taa iliyoungua huku usingizi umemlemea. Akivunjika mguu, CNSS, mfuko unaofidia ajali za kazini kwa wafanyakazi walioandikishwa, haumtambui: hana mkataba wala mwajiri wa kumwandikisha. Gharama humwangukia mama yake, mke wake na wenzake wa kituoni.

Katika nchi jirani suala la helmeti limeshughulikiwa. Kigali, abiria huvaa helmeti anayopewa na dereva. Kampala, kampuni ya SafeBoda iliyoanza 2014 iliwapa waendeshaji wake mafunzo, pamoja na helmeti ya pili kwa ajili ya mteja.

Kasuku haina haja ya kungoja kampuni. Wenye pikipiki ndio waanze: chombo kisitoke uani bila helmeti mbili, breki zilizokaguliwa na taa inayowaka, na siku ya mvua kubwa fedha zipunguzwe. Wamotari nao wanaijua likelemba, ule mchango wa kupeana kwa zamu. Wakichanga kila wiki, kituo kwa kituo, michango ya kwanza inunue helmeti, inayofuata iwekwe kwa ajili ya mwenzao atakayeumia. Kijana ambaye hajafundishwa asikabidhiwe ufunguo, hata akiwa mtoto wa ndugu.

Abiria naye ana sauti. Akatae kupakiwa wa tatu, adai helmeti, amwambie dereva, "Kaka, polepole," bila kuona haya.

Maimamu walitangaze hili Ijumaa, mapadri na wachungaji Jumapili. Kisha mkuu wa komini awaite wenye pikipiki na wamotari wakae pamoja, wakubaliane mbele ya mashahidi kiasi cha fedha za siku na nani atalipia helmeti.