Kumaliza Kazi Nako Kufundishwe

Kila tunapopita shuleni kuwakagua wanachuo walio katika mazoezi ya kufundisha, tuna desturi ya kuchungulia nyuma ya kabati la darasa. Aghalabu huko ndiko zikaako kazi za mikono za watoto. Tumekuta vigoda visivyo na mguu wa tatu, pawa za vifuu ambazo vipini vyake havijafungwa, na fremu za picha zilizopakwa rangi upande mmoja tu, ule ulioelekea mlangoni siku ya wageni. Tukifungua daftari la alama twaona watoto wote wamekwisha kupewa: saba, nane, hata tisa juu ya kumi.

Kwa maoni yetu kosa hili si la mtoto, wala si la uchache wa vipindi peke yake. Ni kosa letu sisi wakufunzi. Tumewafundisha wanachuo namna ya kuanzisha kazi, kuigawa katika hatua na kuisimamia. Namna ya kuimaliza tumedhani itakuja yenyewe. Tunayasema haya bila ya kujiona bora kuliko mwanachuo yeyote, maana kosa lilo hilo tumelifanya nyumbani kwetu, mbele ya jirani zetu, kwa chombo cha mbao chenye urefu wa mita tatu na ushei.

Mwaka 2019 tuliazimia kuunda kimashua uani kwetu. Tunakaa karibu na pwani, lakini si mafundi wa vyombo. Tezo hatukupata kuishika. Kwa hiyo tulichagua mtindo wa kushona na kugandisha, ambao umebuniwa kwa ajili ya watu wasio mafundi. Asili yake yafaa kujulikana na walimu. Huko Uingereza mwalimu mmoja wa shule, Ken Littledyke, aliunda mitumbwi myepesi ya kayaki kwa kukata vipande vya plaiwudi, kuvishona ukingo kwa ukingo, kisha kuziba mishono kwa utepe wa faiba na gundi. Barry Bucknell, aliyekuwa akifundisha ufundi wa nyumbani katika televisheni, alishirikiana na mwunda mashua Jack Holt wakautumia mtindo huo kutoa mashua ndogo yenye urefu wa mita 3.3. Iliitwa Mirror, kwa jina la gazeti la Daily Mirror, nayo ilionyeshwa kwa watu mwezi Januari 1963. Tangu hapo zimeundwa zaidi ya 70,000, nyingi zikiwa kazi ya watu wa kawaida katika vibanda na nyua za nyumba zao.

Msomaji wa pwani asione kuwa jambo hili ni la kigeni mno. Mtepe wa Lamu nao ulishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari wa chuma, hadi ulipotoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Hata mji wa kale wa Rhapta, uliotajwa na Wagiriki karibu miaka elfu mbili iliyopita kuwa katika mwambao wetu, ulipata jina lake kutokana na vyombo vya kushonwa. Waya wa shaba wa Bwana Bucknell ni mgeni aliyekuja kuketi katika kiti cha zamani.

Kazi yenyewe ilianza vizuri. Tulinunua vipande vya plaiwudi ya milimita 6 katika maduka mawili, na kabla ya kukata tulichemsha kibanzi cha kila duka katika sufuria kwa muda wa saa moja, tukakikausha, tukakichemsha tena. Cha duka la kwanza kilifunguka kama kurasa za kitabu. Cha duka la pili kilibaki kizima, nasi tukajua tununue wapi zaidi. (Jaribio hili halina gharama, na lingefaa sana katika somo la sayansi.) Tulichora vipimo kwa kutia nukta kila sentimita 30, tukapitisha ufito mwembamba juu ya nukta hizo ili tupate mviringo usio na vunjiko. Tulitoboa matundu pembezoni, tukashona kwa waya za shaba tulizozichuna katika nyaya kuukuu za umeme. Tulipokaza waya kwa koleo, mbao zilizokuwa zimelala chini ziliinuka, zikapinda, zikawa na omo na tezi. Yote hayo kwa alasiri moja. Watoto wa mtaani walioshinda wakitutazama walipiga makofi, na sisi, hatuna haja ya kuficha, tulijiona wakubwa.

Tulitia gundi ya epoksi na faiba katika mishono. Siku ya kumi na mbili chombo kilisimama juu ya magogo chini ya mwembe, na kila apitaye alisema, "Mwalimu, mashua imekwisha!" Tuliamini.

Likizo ikaisha. Kimashua kilikaa juu ya magogo miezi sita. Kilichobaki kilikuwa msasa, kuziba kingo za plaiwudi, kuziba matundu ya skurubu na kupaka vanishi, yaani kazi ambazo hakuna mtoto anayepiga makofi akiziona. Mwezi wa Desemba wageni walipokuja, tulipaka vanishi mikono miwili kwa siku moja. Tulipaka nje, na tulipaka ndani pale macho yafikapo. Chini ya viti hatukupaka. Tukashua chombo, tukapiga makasia, tukapigwa picha.

Kufikia mwisho wa masika vanishi ilikuwa ikibanduka kama ngozi ya kitunguu. Epoksi ikikauka huweza kuacha utando mwembamba kama nta, nao hauna budi kuoshwa kwa maji kabla ya kitu chochote kupakwa juu yake, hatukuosha. Tena epoksi haistahimili jua ikiachwa wazi. Pale tulipopaka haba iligeuka rangi na kuanza kuwa unga. Lakini ubaya mkubwa ulikuwa tezini. Maji yalikuwa yameingia kwa tundu moja la skurubu, yakatambaa ndani ya plaiwudi, yakaivimbisha na kuiachanisha mpaka kidole kikazama.

Jirani yetu ni mzee aliyeunda madau na mashua tangu ujana wake. Alikuja, akainama, akapitisha mkono chini ya kiti cha nyuma.

"Mwalimu, hapa ulipaka nini?"

"Hapo hatukupaka kitu, mzee. Hapaonekani."

"Na maji yalipaonaje?"

Hatukuwa na jibu. Alipokwisha kutuhurumia alitueleza habari ambayo tangu siku hiyo imebadili fikira zetu za ualimu. Alipokuwa mwanagenzi, alisema, hakuruhusiwa kushika tezo mwaka wa kwanza. Kazi yake ilikuwa kusokota pamba ya kukalafati, kuisindika katika viungo vya mbao, kukoroga chokaa na shahamu ili kufanya deheni, na kuipaka chini ya chombo baada ya kuunguza uchafu kwa moto wa makuti. Fundi wake alipitisha mkono kila mahali, hasa pasipoonekana, na palipokuwa na upungufu alirudisha kazi yote. Kukata na kuchonga alijifunza baadaye. Kwa maneno mengine, mwanagenzi yule alianza na mwisho wa kazi, na alipopewa mbao ya kwanza kuchonga alikwisha kujua chombo kilichomalizika kikoje kwa macho na kwa mkono.

Sisi vyuoni tunafanya kinyume. Tunamwanzisha mtoto na msumeno, kengele inampata kabla hajaufikia msasa, na wiki ijayo tunafungua mada mpya.

Matengenezo yetu yalichukua siku 31. Tulikata sehemu iliyooza, tukachonga hasho, tukaigandisha. Tulitia epoksi mikono mitatu, tukaosha, tukapiga msasa namba 120, kisha namba 220. Tulipaka vanishi mikono sita, mkono mmoja kwa siku, alfajiri kabla upepo haujaanza kupeperusha vumbi, na kila baada ya mkono mmoja msasa tena. Siku ya nne kuku wa jirani alipita juu yake, nasi tukarudia. Ni kazi ya kuchosha, na mwenye kudai kuwa inafurahisha kila dakika hajaifanya.

Mkufunzi mwenzetu, ambaye tunamheshimu, anatupinga. Yeye asema kuwa elimu yote ya kimashua kile imo katika zile siku kumi na mbili: kipimo, pembe, uwiano, nguvu ya mti uliopindwa. Msasa, asema, ni jasho tu, na shule yenye watoto tisini darasani haina nafasi ya kulitoa jasho hilo. Tunakubali nusu ya hoja yake. Ni kweli kwamba hisabati ilikuwa katika kukata. Lakini katika kukata tulikuwa na mchoro wa kutuambia tumekosea au tumepatia. Katika kumaliza hapakuwa na mchoro. Kila asubuhi ilitubidi kupitisha kiganja juu ya mbao na kujiuliza kama inatosha, na hapakuwa na mtu wa kutujibu.

Sasa tumtazame mtoto. Anakuja mezani na kigoda chake anauliza, "Nimemaliza, mwalimu?" Mwanachuo anatazama saa, anatazama foleni, anasema ndiyo, anaandika nane. Kwa neno hilo moja amemwondolea mtoto sehemu ya kazi ambayo ingemfanya ajitegemee, yaani kuihukumu kazi yake mwenyewe. Mtoto huyo akiwa mkubwa ataezeka paa lisilofungwa vizuri au ataunganisha bomba linalovuja, akingoja mtu wa kumwambia kwamba imekwisha.

Otto Salomon, aliyefundisha walimu kazi za mikono huko Nääs, Swideni, tangu miaka ya 1870, alishikilia kwamba mtoto afanye kitu kizima, chenye kutumika nyumbani, akifanye mwenyewe hadi mwisho, hata kama kitu hicho ni kidogo sana. Wanafunzi wake hawakuanza na meza. Walianza na vitu kama kijiti cha kuchongwa kwa kisu. Walimu walitoka nchi nyingi kwenda kumsikiliza. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilizisisitiza sana kazi shuleni, na hatuoni kwamba ilikosea. Ila mara nyingi shule zilihesabu ekari na vitu, wala hazikuhesabu vilivyokamilika.

Kwa hiyo, ndugu mwanachuo, unapoandaa mazoezi yako yajayo, chagua kitu kidogo kuliko unachotamani. Ukiwa na vipindi sita, viwili vya mwisho viandike kwanza, na viwe vya kumaliza tu. Usilalamike kuwa msasa hakuna. Karatasi moja hukatwa vipande vinane, na mahali pengi uko mti uitwao msasa, ambao majani yake yenye kukwaruza ndiyo yaliyoipa karatasi hiyo jina. Kabla mtoto hajaanza chake, mpe kitu ambacho hakijamalizwa, labda kile ulichokikuta nyuma ya kabati, akimalize. Watoto wa kwetu wakichonga vimashua vya kuchezea, sisi twavitia mawe ndani, twaviacha katika ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi hakuna anayeuliza alama. Mtoto hugeuza chombo chake, hutafuta pale maji yalipoingia, na mara nyingi huona kabla yetu. Alama nne kati ya kumi tunazizuia mpaka kitu kiwe kimetumika juma zima.

Epoksi usiipeleke darasani. Yachoma ngozi, na vumbi lake si la kuvutwa na mtoto. Rangi ya mafuta yatosha, kingo zikipakwa mara mbili.

Tena lipo sharti moja ambalo hatuoni njia ya kulikwepa: mwanachuo awe amemaliza walau kitu kimoja kwa mikono yake mwenyewe kabla ya kusimama mbele ya darasa. Chuoni petu bado jambo hili ni la hiari. Tumelipeleka katika mkutano wa wakufunzi mara mbili, na mara zote mbili ilionekana kuwa ratiba hairuhusu. Tutalipeleka tena.

Kimashua sasa kinakwenda mwaka wake wa pili tangu kilipotengenezwa upya, nacho hakivuji. Juma lililopita tulikipindua ili kukikagua kabla ya mvua. Chini ya kiti cha mbele, pembeni kabisa, kidole kilipita mahali palipokwaruza kidogo, penye ukubwa kama wa sarafu. Tumepazungushia chaki, na Jumamosi tutaanza hapo.