Probox Yatosha, Lakini Soma Kompyuta Yake

Wadau mnaoniuliza Fielder au Probox: kama mfuko ni mdogo, chukua Probox. Tangu 2002 ni gari la kazi tu. Viti vigumu, lakini buti lameza magunia na vipuri havisumbui.

Rangi isikubabaishe. Huku kwetu Likoni hewa ni ya chumvi, basi lala chini utazame kutu. Kisha chomeka kifaa cha OBD, usome kwa simu. Ukiambiwa hakuna kosa, usishangilie: makosa hufutika kwa sekunde. Angalia kama kompyuta imemaliza kujipima tangu ilipofutwa. Kama bado, huenda betri ilichomolewa tu. Mwambie muuzaji aliendeshe siku kadhaa, urudi upime tena. Mimi sikurudi. Taa ya injini iliwaka siku ya tatu, nimeshafika Kisauni na pesa zishalipwa.