Ripoti ya Goldenberg Ilikuja Baada ya Chaguzi Tatu

Mwaka 1993 nilikuwa darasa la sita. Marehemu baba alianza kurudi dukani na nusu kilo ya sukari badala ya kilo, na hakuna aliyetueleza kwa nini. Mimi nilidhani ni ubahili. Kumbe huko Nairobi serikali ilikuwa imelipa mabilioni ya shilingi kwa kampuni ya Goldenberg, eti fidia ya kuuza nje dhahabu na almasi ambazo nchi hii haikuwa nazo za kuuza.

Aliyeifichua siri alikuwa karani kijana wa Benki Kuu, David Munyakei. Alikamatwa, akafutwa kazi, akakimbilia hapa kwetu Mombasa. Hapa alisilimu, akaoa. Alipita mitaani mwetu na wengi wetu hatukumjua, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Sasa tazama kalenda. Nyaraka zilitoka 1993, wakati kura ya Desemba 1992 imeshapigwa. Ilipokuja ya 1997, miaka minne baadaye, kesi bado zilikuwa zikipigwa danadana, na Rais Moi akarudi Ikulu kwa takriban asilimia 40 ya kura. Sisemi angeshindwa. Upinzani wenyewe ulikuwa vipande vipande. Lakini mzazi aliyeona bei zikipanda aliingia kupiga kura bila kuambiwa ni nani aliyeidhinisha malipo yale.

Tume ya Jaji Bosire iliundwa 2003, Moi akiwa ameshastaafu. Ripoti ikakabidhiwa Februari 2006. Munyakei akafariki Julai mwaka huohuo, maskini. Moi alizikwa 2020 kwa heshima zote za kitaifa, bila kuwahi kushtakiwa kwa jambo hili.

Watu huniambia Katiba ya 2010 imetibu hayo. Kiasi, ndiyo. Kifungu cha 143 kinamkinga rais na mashtaka ya jinai akiwa madarakani, lakini muda wake wa uongozi hauhesabiwi katika ukomo wa kufungua kesi. Akitoka, anaweza kushtakiwa. Vizuri. Ila mashahidi hawasubiri miaka kumi. Wengine hufa, wengine huhama, na faili nazo tunajua zinavyopotea.

Kwa hiyo rais aliye kitini ana mahakama mbili tu: Bunge, ambalo linahitaji theluthi mbili ya wabunge wake kumwondoa, na mpiga kura. Zote mbili hazina la kuamua kama ripoti haijafika. Ndiyo maana jibu la “tuwaache wachunguzi wafanye kazi yao” hunikera linapotolewa mwaka wa tatu mfululizo kuhusu faili lilelile.

Uchaguzi ujao ni Agosti 2027. Wagombea wakija kutuomba kura huku Pwani, mimi nitawauliza ni uchunguzi gani wanataka umalizike kabla ya siku hiyo, na nitaomba wanitajie tarehe.