Mtoto Mgonjwa Si Mtoro

Ndugu zangu wa Mbinga na Nyasa, wazazi wa Umatengo na wa mwambao wa ziwa,

Fungueni daftari la mahudhurio la shule yoyote ya kwetu. Hamtakosa jina la mtoto ambaye miezi inapita hayupo darasani, na ukiuliza utaambiwa huyo ni mtoro. Ukifika kwao unamkuta kajilaza mkekani viungo vinamuuma, au ana kidonda cha moto mguuni kwa sababu juzi kifafa kilimshika akiwa jikoni. Nawaombeni tuwarudishe watoto hawa shuleni. Nawaomba ninyi, kwa kuwa kazi hii ikiachiwa mwalimu peke yake haitafanyika.

Nawasemea watoto wenye kifafa, siko seli, pumu, kisukari, matatizo ya moyo, na wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Maradhi yao hayaishi kwa dozi ya siku tano. Lakini wengi wao wakipata dawa na uangalizi husoma vizuri tu.

Kifafa kwetu kina uzito wa pekee, na sababu moja ni usubi. Mkoa wetu wa Ruvuma ni miongoni mwa maeneo ya nchi yenye ugonjwa wa usubi, kwa kuwa inzi wake huzaliana kwenye mito ya maji ya kasi, na mito yetu inaporomoka kutoka milimani. Kule Mahenge, wilayani Ulanga, Dk. Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa zaidi ya miaka hamsini iliyopita, na watafiti waliomfuatia wameona jinsi kifafa na usubi vinavyoandamana. Kwa hiyo mgawa dawa akipita kijijini na dawa za kingatiba za usubi, tumeze, tusimkimbie kwenda shamba. Na tuache kabisa kuamini kwamba povu la mgonjwa linaambukiza kifafa. Haliambukizi. Imani hiyo ndiyo inayolitoa darasa zima nje mbio, mtoto akabaki sakafuni peke yake.

Akianguka, sogezeni madawati, mwekeeni sweta chini ya kichwa, mlazeni ubavu ili mate yatoke, kisha mtu mmoja aangalie saa. Msimtie kijiko wala kidole mdomoni, msimmwagie maji, msimkandamize. Zikipita dakika tano hajatulia, iitwe bodaboda apelekwe zahanati. Akizinduka atakuwa amechoka na ana aibu, pengine amejikojolea. Hapo anataka kanga ya kujifunga na mwenzake wa kukaa naye mpaka akili itulie. Mtoto wa darasa la tano anaweza kufundishwa yote haya asubuhi moja akayafanya bila woga.

Mwenye siko seli naye ana adui zake: baridi, kiu na uchovu. Sisi wa milimani tunaijua baridi ya Juni na Julai. Mtoto huyu akipewa zamu ya kuchota maji alfajiri, akakimbizwa mchakamchaka kabla jua halijatoka, halafu akachapwa kwa kuchelewa, usiku wake wote ni kilio. Anachohitaji ni chupa ya maji juu ya dawati, ruhusa ya kwenda chooni kila anapobanwa, na sweta zito hata kama rangi yake si ya sare. Tanzania ni moja ya nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu. Pale Muhimbili, Profesa Julie Makani na wenzake wamewafuatilia wagonjwa maelfu tangu 2004, na nchi imejifunza mengi kuhusu namna ya kuwatunza. Elimu hiyo ifike na kwetu.

Najua watakaosema madarasa yamejaa na walimu hawatoshi. Ni kweli. Ada ilipofutwa mwaka 2016 watoto walifurika shuleni, na ni jambo jema. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa kila mtoto haki ya elimu na matibabu, na upo mkakati wa taifa wa elimu jumuishi uliotoka 2021. Ila anayejua nyumba gani ina mtoto aliyefichwa chumbani ni jirani.

Wamatengo tuna sengu. Wazee walikula pamoja na wana wao, wakayazungumza mambo ya ukoo hapo hapo kwenye chakula. Watu wa Kindimba na Kitanda, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, waliifufua ikawa kamati ya kuendesha mambo ya kijiji, na Kindimba wakapata mashine ya kusaga inayoendeshwa na maji ya mto. Sengu iketi tena, safari hii kwa ajili ya watoto hawa. Ndugu zetu wa Liuli, Lituhi na Mbamba Bay wana vikundi vyao vya wavuvi. Navyo viketi.

Kwanza tupate orodha. Mwalimu wa afya, mhudumu wa afya wa kijiji na mzazi waandike mtoto anaumwa nini, anakunywa dawa gani saa ngapi, na apigiwe nani simu. Orodha ifungiwe kabatini kwa mkuu wa shule, isibandikwe ukutani, maana mengine ni siri ya familia.

Kisha nauli, na hapa ndipo penye kidonda chenyewe. Mzazi wa kitongoji cha mbali hupanda pikipiki kufuata dawa Litembo, Mbinga mjini au Liuli. Mwezi mmoja akikosa fedha, dawa inakatika, na dawa ya kifafa ikikatwa ghafla kifafa hurudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Nawaomba wanachama wa AMCOS, vyama vyetu vya ushirika wa mazao, mlipeleke jambo hili kwenye mkutano mkuu kabla ya mnada wa kwanza wa kahawa: shilingi chache kwa kila kilo, ziwekwe kwenye mfuko wa nauli ya watoto hawa, na hesabu yake isomwe hadharani.

Masomo nayo yasimpite. Mwanafunzi anayekaa jirani ampelekee daftari jioni. Walimu wastaafu na vijana waliomaliza kidato cha nne, toeni saa mbili za Jumamosi mumfidie masomo aliyokosa.

Mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila baada ya miezi mitatu. Mwombeni mtendaji aliweke jambo hili mwanzoni mwa ajenda, watu wakiwa hawajachoka. Mwenye mtoto wa namna hii aje aandikishe jina lake, na asiulizwe mbele za watu alimkosea nani. Na wewe unayeijua nyumba yao, siku hiyo pitia kwao asubuhi, mfuatane.