WATUPAKA RANGI YA KIJANI



Siku hizi kila tajiri ni rafiki wa miti. Ukifika mlango wa kiwanda wakuta ubao mpya: "Tunatunza Mazingira." Mara moja kwa mwaka twavishwa fulana za kijani, twapewa miche, twapigwa picha pamoja na Bwana Meneja ameshika jembe, na picha hiyo yatiwa katika kitabu cha hesabu za mwaka. Nani amerudi kuitazama miche ile? Sisi tumerudi. Mingi ilikauka, kwa maana hakuna aliyeandikwa kazi ya kuimwagilia maji.

Hatuchukii miti. Twachukia uwongo, hasa ule unaosemwa kwa kutumia nyuso zetu.

Mchezo huu si wa jana. Mwaka 1986 Mmarekani mmoja, Jay Westerveld, aliandika juu ya hoteli zilizowaomba wageni watumie taulo zaidi ya mara moja ili kuokoa mazingira, na huku mambo makubwa ya uharibifu wao hawayagusi. Kilichookolewa ni gharama ya dobi. Ndugu zetu wa hoteli za pwani wakijua sana kikaratasi kile, maana wao ndio wanaokiweka chumbani. Je, akiba ya sabuni na maji ilikwenda wapi? Katika mshahara wao?

Kampuni ya mafuta ya BP nayo, mwaka 2000, ilijivika alama mpya ya kijani na manjano mfano wa ua, ikatangaza kwamba macho yake sasa yavuka mafuta. Tarehe 20 Aprili 2010 mtambo wa Deepwater Horizon, uliokuwa ukiichimbia kisima katika Ghuba ya Mexico, ulilipuka. Wafanya kazi 11 walikufa. Ua lile halikumwokoa hata mmoja.

Lakini tusiende mbali. Kuyeyusha betri kuukuu ili kutoa risasi, ukiisikia kwa maneno matamu, ni kazi ya kusafisha dunia: takataka inageuka mali. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kazi hiyo kilitoa sumu ya risasi kando ya nyumba za watu, mpaka kilipofungwa mwaka 2014. Watoto waliugua, wafanya kazi waliugua. Aliyepiga kelele ni Phyllis Omido, mwajiriwa wa kiwanda hicho hicho. Alipewa kazi ya kusimamia taarifa ya mazingira, akashauri kiwanda kihamishwe, asisikilizwe. Kisha mtoto wake mchanga akakutwa na risasi mwilini. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakaaji wa mtaa walipwe shilingi bilioni 1.3. Kesi ikapanda na kushuka, hata Mahakama ya Juu ilipoirudisha amri hiyo Desemba 2024.

Wako wenzetu wasemao: "Nyamazeni, mnunuzi akisikia atakimbia, nasi tutakosa kazi." Twawauliza, wale wa Owino Uhuru kazi yao iko wapi? Ukimya haukuilinda. Uliwapa sumu kwanza, kisha ukawapa mlango.

Mtu wa matangazo hajui bomba la maji machafu linatokea wapi. Anayefungua vali saa nane za usiku ndiye ajuaye. Kwa hiyo twadai hivi: tangazo lolote la usafi wa kiwanda lisitoke kabla halijasomwa na wawakilishi wetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka kamati ya usalama na afya mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi. Kamati hiyo na iulize: moshi umepungua tangu mwaka gani? Nani alipima, na nani alimlipa? Ni kiwanda chote, au ni banda moja lililopakwa chokaa kwa ajili ya wageni?

Wa majani chai na wa maua mtege masikio zaidi. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2024, na tarehe yake ya kuanza kutumika ni 27 Septemba 2026. Yakataza kuuza bidhaa kwa jina la "rafiki wa mazingira" bila ushahidi, au kudai kwamba haidhuru hali ya hewa kwa sababu tu mwenye mali amelipia miti ipandwe mahali pengine. Basi matajiri watatafuta ushahidi, na wengine watakuja kwetu na karatasi na kalamu, na pengine soda.

Mwakilishi akiletewa karatasi ya namna hiyo asitie sahihi siku hiyo hiyo. Aombe nakala, aisome pamoja na watu wa idara yenyewe, watu wa zamu ya usiku wakiwamo, kisha ailete katika ofisi ya tawi. Akinyimwa nakala, atuletee habari hiyo pia. Majina ya waletao habari hayataandikwa katika gazeti hili.